Mlango Usio na Mtu

Mei 8

Idara ya hali ya hewa imetangaza leo kwamba msimu wa mvua umeanza, kana kwamba sisi watu wa Koza hapa kisiwani hatuna macho. Nguo nilizofua juzi bado zinanuka unyevu. Mke wangu Fumie alikuwa akiandika hali ya hewa kwenye kalenda ya jikoni, neno moja kila siku: jua, mawingu, mvua. Tangu Februari kalenda iko tupu. Nilitaka niendeleze mimi, lakini visanduku vyake ni vidogo, na mtu aliyefundisha udereva maisha yake yote hajui kusema jambo kwa neno moja. Nimechukua daftari.

Leo: mvua.

Mei 9

Mvua.

Mei 11

Binti yangu Haruna amekuja, siku yake ya mapumziko hotelini. Aliwasha udi mbele ya madhabahu yetu ya marehemu, akapiga magoti, kisha akakaa akiitazama picha ya mama yake kwa muda mrefu.

"Baba, Mama anaonekana kama amekamatwa na polisi."

Kweli tupu. Ni picha ya leseni ya udereva, imekuzwa. Fumie alianguka jikoni asubuhi na jioni hakuwa nasi. Watu wa mazishi walitaka picha usiku ule ule na hiyo ndiyo iliyopatikana. Yeye mwenyewe aliichukia. Alikuwa akiitoa leseni kwenye pochi ikiwa imefunikwa na kidole gumba.

"Agosti roho yake inarudi nyumbani, Obon yake ya kwanza," Haruna akasema. "Dada zake wote watakuja kutoka kisiwa cha Miyako. Wakute uso huu? Tafuta picha nyingine."

"Picha zipo. Nina picha zaidi ya elfu ishirini ndani ya nyumba hii."

"Za magari, Baba."

Nikamwambia mama yake alikuwa nami siku zote nilipopiga, kwa hiyo yumo tu humo ndani. Alienda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimekwisha kuviosha.

Mei 14

Mvua kubwa, barabara ya lango la pili la kambi imejaa maji. Nimekaa ndani na kompyuta. Sijapata kitu bado, lakini nimeanza tu.

Naandika namna tulivyokuwa tukifanya kazi, kwa sababu siku hizi naamka nikiwa nimesahau vijambo vidogo, na hivyo vidogo sitaki nivisahau. Mara moja kwa mwaka kambi ya jeshi la kigeni hapa mjini hufungua milango kwa wenyeji. Wanajeshi huleta magari yao uwanjani, yale makubwa ya kizamani na haya mapya yanayonguruma, wanayapanga mistari chini ya jua na wanatuachia tuyapige picha tutakavyo. Sisi wa klabu ya picha za magari, mimi nikiwa mwenyekiti, tunapanga foleni langoni kabla hakujakucha. Mifuko inapekuliwa, hakuna kupiga picha geti wala walinzi, na picha ukiziweka mtandaoni unafunika namba za gari. Hayo yanajulikana.

Lililo gumu ni mlango. Gari lililosuguliwa vizuri ni kioo. Ukilipiga picha hovyo, ubavuni mwake utaona hema la hambaga, watoto na puto, na tumbo lako mwenyewe. Kwa hiyo Fumie alishona kitambaa cheusi cha mahameli, kirefu kuliko yeye, akatia mawe madogo kwenye pindo ili upepo usikipeperushe. Alisimama pembeni nilipomwelekeza, akakiinua mbele yake kwa mikono miwili, na mlango ukageuka mweusi mtulivu. Rangi ikatoka yenyewe, safi, kama gari limesimama katika dunia isiyo na mtu.

Miaka ishirini na saba. Hakuna mpiga picha kisiwani aliyekuwa na milango kama yangu.

Mei 17

Chinen alikuja. Yule fundi viyoyozi, mwenye tumbo. Nilimtoa kwenye klabu mwaka juzi kwa uzembe. Picha zake, Mungu wangu: kila mlango una maonyesho ya watu. Wazee wanachokoa meno, watoto wanalia, yeye mwenyewe na kaptura yake. Tulipofanya maonyesho kwenye ukumbi wa soko alitaka kutundika Mustang nyeupe yenye mwanamke anayekula aiskrimu mlangoni, nikamwambia hiyo ni picha ya aiskrimu, aipeleke kwa wauza aiskrimu. Ukumbi mzima ulicheka. Naye alicheka.

Leo alisimama mlangoni na mfuko wa matango ya goya kutoka shambani kwa dada yake, maji ya mvua yanamchuruzika puani.

"Mwenyekiti, nimekuja kumsalimia Mama Fumie."

Akawasha udi. Akapiga magoti kwa shida, akanyanyuka kwa shida zaidi. Kisha badala ya kuondoka akaanza, "Mwenyekiti, siku ya wazi ya kambi inakaribia. Kusimama foleni peke yangu kunanichosha roho. Nirudisheni."

Sijui nini kilinipanda kichwani. Nadhani ni kule kumwona yu hai na mnene na ana hamu ya kwenda kambini, hali mimi sina hata nguvu ya kukunja godoro la futoni. Nikamwambia, "Safisha milango yako kwanza. Siku utakayonionyesha picha zako zote, za zamani na za sasa, hazina mtu hata mmoja mlangoni, nitakurudisha."

"Zote?"

"Hata mmoja asibaki."

Akainama akasema asante, kama mtu niliyempa kitu.

Mei 18

Mvua. Goya za Chinen ni chungu sana. Nimekula zote.

Mei 23

Nimepitia miaka kumi ya picha. Fumie hayumo.

Nasema hayumo, lakini yumo. Ukijua pa kutazama, juu ya kitambaa mlangoni kuna vidole vinane, vidogo mno, vimeshika ukingo. Vidole gumba viko nyuma. Katika Cadillac nyeusi ya mwaka wa kimbunga kikubwa kuna ndala zake za mpira chini ya pindo, ile ya kushoto ina kamba niliyoifunga mimi kwa waya. Katika picha nyingi nilifuta ndala hizo baadaye kwa kompyuta. Nilikuwa hodari.

Mei 24

Vidole. Vidole. Ndala. Vidole.

Mei 28

Haruna alileta simu yake tutafute humo. Tulikaa mezani, mvua inapiga bati la karakana, tukawa tunapitia siku za kuzaliwa, mwaka mpya, safari ya kwenda kuona nyangumi.

Fumie na sahani usoni. Fumie na taulo usoni. Fumie na paka wa jirani, paka anatazama kamera, yeye yuko nyuma ya paka. Fumie kwenye meli ya nyangumi, ameinua kofia.

"Unaona?" Haruna akasema. "Kila nilipoinua simu alishika chochote kilichokuwa karibu akajifunika. Nilikuwa namwambia, Mama, acha mchezo. Ananiambia, si mchezo, mikono inainuka yenyewe."

Nilimuuliza kama kulikuwa hata na moja aliyosahau kujifunika.

"Ya leseni," akasema. "Kule hawakumruhusu."

Ya harusi ipo, ndiyo, lakini amepakwa poda nyeupe na ana miaka ishirini na mitatu. Angeweza kuwa bibi harusi yeyote. Haruna alilala hapa. Nilimsikia analia bafuni, amefungulia maji ili nisisikie.

Juni 2

Mkutano wa klabu. Inasemekana mvua ikiendelea hivi kambi itafuta siku ya wazi. Wengine wananung'unika. Mimi nilisema wafute tu. Wakaninyooshea sahani ya karanga.

Juni 5

Mvua. Ukungu umeingia kwenye lenzi ya zamani.

Juni 9

Usiku wa kuamkia leo sikulala. Nilikuwa nikiota mlango mweupe, na ndani ya mlango kuna mtu, na mimi nampigia kelele asogee, asogee, ananiharibia. Nikaamka nikakaa.

Aiskrimu.

Ile Mustang nyeupe ya Chinen. Mwanamke mwenye aiskrimu. Hakuwa mwanamke fulani, alikuwa Fumie! Siku ile nilitazama uchafu wa mlango tu, sikumtazama yeye. Nilipokuwa nafunga lenzi au namsubiri mtu apite, yeye aliteremsha kitambaa akaenda upande wa pili kupumzisha mikono, na upande wa pili siku zote alikuwa yule mzembe na kamera yake. Picha zangu zina kitambaa. Zake zina mke wangu. Miaka yote ile, kila gari, kila mlango mchafu nilioucheka, yumo humo anacheka, anakula, anazungumza na watu. Nimefurahi mno. Nimempigia Haruna saa ya kazi, nikamwambia, "Mama yako amepatikana!" Naye maskini akashtuka.

Kesho naenda kwa Chinen. Nitabeba pombe ya awamori. Nitaomba radhi kama itabidi.

Juni 10

Lazima niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Anakaa juu ya karakana yake, ngazi zimejaa feni za viyoyozi. Aliponiona alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Mwenyekiti! Umekuja mwenyewe! Mimi nilitaka nije kwako Jumapili, nivae vizuri."

"Nimekuja kwa ajili ya picha zako."

"Najua! Nimemaliza juzi. Keti, keti hapa."

Akanikalisha mbele ya kompyuta. Akafungua Camaro ya kijani. Mlango ulikuwa safi. Akafungua lori jekundu la mwaka hamsini na nane, safi. Akafungua nyingine, na nyingine, anabonyeza kwa kidole kimoja, na kila mara ananitazama mimi badala ya kutazama picha.

"Usiku kucha, Mwenyekiti. Mpwa wangu alinionyesha namna ya kufuta. Mwanzoni nilikuwa naharibu, mlango unatoka madoa. Sasa tazama. Kuna mtu hapo? Hakuna mtu."

Nikamwambia afungue Mustang nyeupe.

"Ah, hiyo!" Akacheka. "Hiyo ilinitesa. Ile aiskrimu ilikuwa nyeupe juu ya nyeupe. Usiku tatu nilihangaika nayo."

Akaifungua. Gari jeupe, mlango mweupe, mbingu kidogo juu. Sijawahi kuona mlango safi kuliko ule. Hata mimi nisingeweza.

"Ya mwanzo iko wapi?" nikamuuliza.

"Ya mwanzo ipi?"

"Kabla hujafuta."

"Si ndiyo hii hii. Diski yangu ilijaa, nikawa nahifadhi juu yake. Zile chafu za nini tena? Ulisema hata mmoja asibaki."

Nililia. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mzee mzima, kwenye kiti cha mtu mwingine, chupa ya awamori mapajani. Na Chinen akanishika bega akasema, "Usilie, Mwenyekiti. Hata mimi sikuamini kama zingetoka vizuri hivi."

Ilibidi nimweleze. Nilisema, "Namtafuta Fumie. Sina picha yake. Alikuwa kwako."

Alikaa chini sakafuni, hakutafuta kiti. Uso wake siwezi kuueleza. Akaanza kufungua droo, akatoa vijikadi vya kamera, diski ndogo, simu mbovu, anazichomeka moja moja, na kila moja ilikuwa tupu au ina viyoyozi vya wateja. Mpaka giza likaingia. Nilitaka kumchukia. Nilijaribu njia nzima ya kurudi nyumbani chini ya mvua, na kila nilipojaribu nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema: hata mmoja asibaki.

Juni 11

Mvua.

Juni 12

Nimemwambia Haruna. Alisema, "Sawa, Baba," halafu tukakata simu.

Juni 14

Chinen ameacha goya mlangoni. Hakubisha hodi.

Juni 15

Ameacha tena. Nikafungua mlango kabla hajamaliza kushuka ngazi.

"Wewe! Rudi hapa."

Akarudi, kichwa chini kama mwanafunzi aliyegonga nguzo.

"Ile ya aiskrimu. Alikuwa anafanyaje?"

"Nani?"

"Usinitanie. Fumie. Uliikodolea macho usiku tatu. Alikuwa anafanyaje?"

Akasimama pale akifikiri. Kisha akasema polepole, "Alikuwa na mdomo umejaa. Amefumba jicho moja, hili, kwa jua. Kitambaa amekitupia begani kama taulo ya mtu anayetoka kuoga. Na alikuwa anakutazama wewe. Wewe ulikuwa upande wa pili umepiga magoti, matako juu, unapima mwanga. Alikuwa anacheka matako yako, Mwenyekiti."

Nikamkaribisha ndani. Tulikunywa ile awamori.

Juni 16

Nilienda kwa Chinen. Anafungua picha, ananionyesha kwa kidole mahali pasipo na kitu, ananieleza. Camaro ya kijani: amevua ndala moja, anajikuna kifundo cha mguu kwa kidole cha mguu mwingine.

Juni 17

Lori jekundu: anazungumza na mwanajeshi mrefu, mikono yake yote miwili iko hewani. "Kiingereza chake kilikuwa cha mikono," Chinen anasema.

Juni 19

Mvua nyepesi. Cadillac: amepiga mwayo.

Juni 20

Ile Impala ya zambarau, gari alilolipenda Fumie kuliko yote. Kila mwaka aliomba kukaa kwenye kiti cha abiria, na sajenti mwenye gari alimfungulia mlango kama malkia. Chinen aliitazama picha kwa muda.

"Hapa sikumbuki vizuri," akasema. "Nakumbuka mkono tu kwenye dirisha. Labda alikuwa anatabasamu. Sitaki nikudanganye."

Nilimheshimu mtu yule leo. Angeweza kubuni tu, na mimi ningeamini.

Nikafikiri pia: yeye akisahau, basi.

Juni 23

Siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Saa sita mchana honi zililia, nikasimama jikoni. Mama yangu alikuwa akinipeleka Mabuni, kwenye mawe ya kumbukumbu ya vita, kila mwaka, na chupa ya maji, akalimwagia jiwe lenye jina la dada yake, akalipangusa kwa kiganja. Dada yule hakuwa na picha wala mfupa. Nilikuwa mtoto, niliona ni ajabu kuogesha jina. Leo nilipangusa kioo cha picha ya leseni kwa kitambaa chenye maji. Bado amenuna.

Juni 25

Wametangaza kwamba msimu wa mvua umekwisha. Jua kali tangu asubuhi. Kambi imetangaza siku ya wazi itakuwepo. Haruna kapiga simu: "Baba, utakwenda?" Nikasema sina mtu wa kunishikia kitambaa. Akasema atachukua ruhusa kazini.

Niliwaambia klabu kwamba Chinen amerudi. Hakuna aliyeuliza sababu.

Juni 28

Tumekwenda watatu. Langoni foleni ilikuwa mpaka kwenye duka la vinyago, joto linapanda kutoka kwenye lami. Mlinzi alifungua mfuko wangu akatoa kitambaa, akakikunjua kikaanguka mpaka chini, mawe yakagonga meza. Akauliza ni cha nini. Haruna akamweleza kwa Kiingereza. Mlinzi akakikunja vizuri, bila haraka, akanirudishia.

Sikuwa na hamu. Nilipita magari mapya nikayaona kama masufuria. Chinen alikuwa anapumua kwa nguvu nyuma yangu amebeba maji ya watu wote. Kisha mwisho wa mstari wa tatu, peke yake, ile zambarau.

Sajenti hakuwepo. Nilijua, magari haya hubaki kisiwani, ni wenyewe wanaoondoka, akiondoka mmoja anamwuzia anayeingia. Aliyekuwa ameegemea boneti ni mwanajeshi msichana, Koplo Delgado, jina kifuani. Alitutazama tukija. Akatazama kitambaa begani kwangu, akasimama wima, akatazama nyuma yetu kama anayemsubiri mtu. Akasema kitu.

Nikamgeukia Haruna.

"Anasema nini?"

"Anauliza," Haruna akasema, "mama wa kitambaa yuko wapi."

Ndivyo ilivyokuwa: sajenti alipomkabidhi funguo alimwambia mambo matatu. Gia ya pili hugoma asubuhi. Usiliegeshe likitazama bahari, chumvi italila. Na siku ya wazi watakuja mzee mkali na mke wake mwenye kitambaa cheusi. Mke ataleta andagi za moto. Mwache akae mbele. Binti wa watu hakula asubuhi, alikuwa anasubiri maandazi ya Fumie.

Mimi sikuleta chochote. Haikunipitia hata akilini. Miaka yote nilidhani zile andagi ni za kula sisi.

Haruna alimwambia. Koplo alivua kofia. Alizunguka akafungua mlango wa abiria, akaushikilia wazi, na sisi tukasimama tukitazama kiti kitupu mpaka Chinen akaanza kuvuta makamasi.

Nikauliza kama sajenti aliacha picha yoyote yenye mtu huyo. Koplo akasema hajui, atamwandikia.

Basi nikasema nipige, maana ndilo lililotuleta. Chinen alichukua kitambaa kabla Haruna hajakigusa. Akaenda mahali penyewe bila kuelekezwa, akakiinua mpaka juu ya kichwa, akanyonya tumbo ndani. Vidole vinane kwenye ukingo. Nikapiga magoti. Ndani ya kioo cha kamera mlango wa zambarau ulitulia, mweusi chini, rangi inawaka juu, hakuna hema, hakuna puto, hakuna mtu. Mlango bora kuliko yote niliyowahi kuona.

Sikubonyeza.

"Shusha," nikamwambia.

"Nimekosea? Nisogee?"

"Shusha kitambaa, Chinen."

"Nitaonekana, Mwenyekiti."

"Na wewe, Haruna, njoo huku kwangu. Simama hapa."

Alishusha. Nikapiga.

Julai 2

Jua.

Sajenti amejibu, Haruna kaniletea kwenye simu. Alitafuta kote akapata picha moja, ameomba radhi kwamba si nzuri. Gari la zambarau, na pembeni kitambaa cheusi kilichoinuliwa, vidole vinane. Alikuwa anampiga picha Fumie, si gari, akasubiri akishushe kitambaa. Hakukishusha.

Haruna aliuliza tufanyeje kuhusu Obon. Nikasema ya leseni ibaki. Watu wa Miyako wanamjua dada yao, watavumilia. Kando yake nimeweka ile ya kwangu ya Jumamosi, nimeichapisha kubwa. Dada zake watasema kwa nini picha ya gari kwenye madhabahu, nitawaambia watazame mlango.

Gari lenyewe halikutoka vizuri, bampa limekatwa. Lakini mlangoni tumo sote. Chinen yuko na tumbo lake lote, kitambaa kimemwangukia begani kama taulo, na nadhani alifanya makusudi. Koplo ameshika kofia. Mimi nimepiga magoti, matako juu, nimezeeka kuliko nilivyodhani. Haruna amesimama upande wangu wa kushoto, lakini si karibu. Kati yake na mimi kuna nafasi ya mtu mmoja. Hatukuipanga, ndivyo tulivyozoea kusimama.